Rangi Ilikuwa Nzima

Mimi nauza rangi. Nina duka la vifaa vya ujenzi Mbinga mjini, huu mwaka wa kumi na mbili, na ukinikuta asubuhi sina wateja nitakueleza tofauti ya rangi ya maji na rangi ya mafuta mpaka chai yako ipoe. Nimeanza na hilo ili usije ukanitafutia kisingizio huko mbele. Nyumba ya mama yangu niliiharibu mwenyewe, kwa bidhaa za dukani kwangu, na fundi nilimlipa hadi senti ya mwisho.

Nyumba iko Liuli, ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kaskazini ya Mbamba Bay. Baba aliijenga mwaka 1977 kwa tofali za kuchoma. Saruji wakati ule ilikuwa kitu cha misheni na serikali, kwa hiyo tofali zilishikwa kwa tope, msingi ukawekwa mawe na tope lile lile, na plasta ya ndani ikawa udongo uliochanganywa na mchanga. Juu bati. Vyumba vinne na sebule, na baraza linalotazama ziwa. Ukikaa barazani unaliona lile jiwe la ghubani ambalo Wajerumani walisema linafanana na Sphinx ya Misri, wakaiita bandari yetu Sphinxhafen. Sisi tulilipandia kuvulia samaki, habari za Misri hatukuwa nazo.

Kila mwaka mwezi wa sita, mvua zikiwa zimekata na upepo umeanza kuwa mkavu, mama alipaka nyumba chokaa. Kazi ilianza siku mbili kabla. Chokaa ililazwa kwenye pipa na maji, ikachujwa kwa kipande cha chandarua kilichochakaa, ikatiwa chumvi viganja viwili na bluu ya kufulia kidogo sana, ya kuufanya weupe uwe mweupe zaidi. Sisi watoto tulitoa vyombo nje. Mama alirusha maji ukutani kwanza kwa kata, kisha akapaka kwa brashi ya katani, mikono imejaa nyufa, kilemba kimefika kwenye nyusi. Chokaa yenyewe ilikuwa nyepesi kama maziwa. Ukiipaka huioni, ukuta unabaki na rangi ya maji machafu. Kesho yake ndiyo inakuwa nyeupe.

Chokaa ile niliichukia.

Niliichukia kwa sababu ilishika nguo. Ukiegemea ukuta, unaondoka nao. Nikiwa kidato cha pili walikuja watu kumposa dada yangu mkubwa. Mshenga alivaa suti nyeusi, akakaa kwenye benchi, akaegemea, akaongea kwa ufasaha karibu saa nzima, mfano juu ya mfano. Aliposimama kukabidhi barua na kugeuka, mgongo wake wote ulikuwa mweupe kama mtu aliyebingirika kwenye unga. Mjomba alijikaza. Watoto hawakujikaza. Dada aliolewa, ndoa ina heri mpaka leo, na mshenga yule alizikwa akiwa ameshasahau. Mimi sikusahau. Niliona pale kwamba nyumba yetu ni ya kimaskini, na kwamba alama ya umaskini wenyewe ni chokaa.

Sasa twende Oktoba 2022. Mbinga ni mji wa kahawa, na pesa ya huku ina msimu. Kuanzia mwezi wa nane watu wanalipwa kahawa yao, na duka langu linapata uhai: bati, misumari, saruji, rangi. Mwaka ule mteja mmoja aliagiza rangi ya mafuta ya krimu, galoni 11, nikaichanganya kama alivyotaka, kisha akabadili mawazo, akaenda na kijani. Galoni zilikaa kwenye rafu zikinitazama. Watu niliowasimulia kisa hiki niliwaambia kwamba nilitaka kumpa mama zawadi. Ni kweli. Lakini zawadi ile ilikuwa na galoni 11 zilizokataliwa ndani yake, na laiti mteja yule angechukua mzigo wake, huenda leo nisingekuwa na cha kuungama.

Mama wakati huo alikuwa kwangu. Alikuwa ametolewa mtoto wa jicho, akakaa Mbinga wiki tatu akisubiri jicho litulie. Nikaona hii ndiyo nafasi: anarudi Liuli na jicho jipya, anakuta nyumba mpya. Nikampakia fundi wangu na vijana wake wawili kwenye gari, pamoja na galoni zile, praima, mifuko ya skimu ya kulainishia ukuta, misasa, rola na saruji mifuko minane. Siku hizi Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66 za lami. Unateremka milima ya Umatengo mpaka masikio yanaziba, ziwa linatokea chini yako, na kabla hujamaliza kulisifia umefika. Lami ile nayo ina mchango wake. Zamani, kupeleka saruji ziwani ilikuwa safari ya kufikiriwa mara mbili.

Fundi alipofika aligonga ukuta wa sebule kwa ncha ya kisu, akachimba kidogo, akautazama ule unga uliotoka. Akasema, "Bosi, huu ni wa tope. Mafuta yatakubali?"

Nikamwambia, "Piga praima mara mbili."

Hilo ndilo jibu nililotoa. Mtu aliyeshika ukuta kwa mkono wake aliniuliza swali sahihi, na mimi nilimjibu kama mwenye duka.

Walikwangua palipolegea, wakapiga skimu, wakapiga msasa, praima, kisha krimu mikono miwili. Nje, kwa kuwa matone ya mvua kutoka kwenye bati yalikuwa yamekula sehemu ya chini ya ukuta, niliamuru wapige plasta ya saruji kuzunguka nyumba nzima, kimo cha mita moja, na kuinakshi kwa rangi nyeusi ya mafuta. Ilipendeza. Nitakuwa mnafiki nikisema haikupendeza. Kuta ziling'aa mpaka dirisha lilionekana mara mbili. Kabati na vitanda, ambavyo siku zote vilisimama mbali na ukuta upana wa kiganja, nilivisukuma vyote vikagusa ukuta, pamoja na sanduku la bati la mama. Nilijua kwa nini vilikaa mbali. Ni chokaa, inachafua. Sasa haichafui tena.

Pana jambo moja nataka nilipitie haraka, kwa sababu bado linaniuma. Milango ya zamani ilikuwa na rangi ya mafuta ya kijani iliyopakwa kabla sijapata akili, enzi ambazo risasi ilikuwa kiungo cha kawaida kwenye rangi za mafuta. Vijana waliipiga msasa ikiwa kavu, ndani, madirisha yamefungwa, na wajukuu wa dada yangu wakichora kwa vidole kwenye vumbi sakafuni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kwenye damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Mkataba wa kimataifa wa kazi wa kuzuia risasi nyeupe kwenye rangi za ndani ya majumba ulipitishwa mwaka 1921, miaka mia na moja kabla ya siku ile. Nauza rangi, na sikuwatoa watoto nje. Wewe ukiwa na mlango wa aina hiyo, ulowanishe kwanza, watoto waende kucheza ziwani, na vumbi ulifute kwa tambara bichi.

Katika wiki zile tatu, kila jioni niliyokuwa Mbinga nilikula na mama. Alikuwa sebuleni kwangu, jicho moja limefunikwa, akisikiliza redio. Mtu aliyepaka nyumba ile zaidi ya mara arobaini alikuwa amekaa mbele yangu akimenya chungwa. Sikumuuliza hata neno moja. Nilitaka kumshtua.

Alishtuka. Aliingia ndani, akasimama katikati ya sebule, akaniuliza, "Baba, ni jicho langu linalong'aa au ni ukuta?" Tukacheka sote. Akapitisha kiganja ukutani, akakinusa. Akaingia chumbani, akatoka.

"Sanduku langu limesogezwa."

"Mama, hii rangi haishiki nguo. Huna haja tena ya kuacha nafasi."

"Basi mwezi wa sita hatupaki?"

"Hupaki tena, Mama. Miaka kumi hugusi brashi."

Akasema ahsante. Alishukuru kwa sauti ile ile anayomshukuria mgeni aliyeleta kitu kisichotumika nyumbani. Nimeielewa sauti hiyo sasa. Siku ile nilisikia shukrani tu.

Mvua zilianza Desemba. Februari dada alinipigia simu akasema ukuta wa chumba cha mama una malengelenge. Nikamwambia ni joto. Wiki iliyofuata akasema limeota lengelenge la ukubwa wa sahani. Nikampigia fundi. Nilimfokea. Nilimwambia amechakachua rangi, ameiongeza tina ili ibaki auze, amekimbiza kazi, amenivunjia heshima kwa mama yangu mzazi. Alinyamaza mpaka nikamaliza, akasema tu, "Nenda ukaone, bosi."

Nilikwenda. Nilifika jioni mvua ikinyesha kwa namna ya ziwani, upepo unaileta kwa ubavu. Mama alikuwa ameshahamia chumba cha nyuma. Nikaingia na tochi ya simu chumbani kwake. Lengelenge lilikuwa juu kidogo ya kitako cha ukuta, limevimba kama tumbo la chura, na bado linang'aa. Nikalibonyeza kwa kidole gumba.

Halikupasuka mara moja. Lilibonyea, likarudi, nikasikia kitu kinacheza ndani. Nikabonyeza tena. Ukatoka mchirizi wa maji ya rangi ya chai, ukanishuka kwenye kiganja, ukapita kwenye saa, ukaingia kwenye mkono wa shati. Halafu, bila kishindo, kipande chenye upana wa mlango wa kabati kiliachia kutoka ukutani na kuniegemea kifuani, kama mtoto anayetaka kubebwa.

Nilikilaza kitandani, nikakimulika. Upande wa mbele rangi ilikuwa nzima. Haikuwa na ufa. Haikuchuja. Nilijaribu kuibandua kwa ukucha ikakataa. Ilikuwa imeshika skimu sawasawa, skimu imeshika chokaa, chokaa imeshika plasta ya udongo, na plasta ya udongo haikuwa imeshika kitu. Nyuma yake ilikuwa uji. Nilitia kidole kati ya tofali mbili, kwenye kiungo cha tope alichokiweka baba, kikaingia mpaka pingili ya pili.

Fundi hakuchakachua chochote. Kama angechakachua, rangi ingechanika mapema na maji yangepata pa kutokea. Alifanya kazi safi mno. Kosa lilikuwa langu, na nilikuwa nimeshalitupa kwa mwingine kwa simu, mbele ya vijana wake.

Pale Liuli watu hupenda kusimulia vita ya ziwani ya Agosti 1914. Meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ilikuwa imepandishwa nchi kavu inatengenezwa, Waingereza wakaja na meli yao Gwendolen kutoka upande wa Nyasaland, wakaipiga mizinga. Nahodha wa Kijerumani hakuwa amepata habari kwamba vita imeanza. Akamwendea kwa hasira mwenzake wa Kiingereza, rafiki yake, kumuuliza ana wazimu gani. Nilipokuwa mdogo niliona ni kichekesho: mtu mzima anapigwa na vita asiyoijua. Usiku ule nikiwa nimekaa kwenye kitanda cha mama na kipande cha ukuta pembeni, nilimwonea huruma nahodha yule.

Kile kipande nilikigeuza ubavu. Ukikitazama kwenye ukingo uliokatika, tabaka za chokaa zinaonekana moja moja, nyembamba kuliko karatasi, nyeupe na samawati kufuatana na mkono wa mama siku ile ulivyotia bluu. Nikaanza kuzihesabu kwa ncha ya pini, kutoka juu kushuka. Baada ya tabaka ya ishirini na tatu au ishirini na nne kulikuwa na mstari wa kijivu, mwembamba, wa masizi. Nilikaa nao kidogo mpaka nikaufahamu. Ni mwaka 1998. Baba alifariki mwezi wa tano, nyumba haikupakwa, na koroboi lilitoa moshi mwaka mzima kwenye ukuta usiofutwa. Kisha nyeupe inaendelea. Nilifika tabaka ya thelathini na nane nikapoteza hesabu, na sikuanza upya.

Asubuhi nilikwenda kwa mzee mmoja aliyejifunza uashi misheni akiwa kijana. Nilimwamkia, nikamweleza. Hakunilaumu, alitaka kwanza kujua umbali wa nyumba kutoka ziwani, na msingi una kina gani, na kama baba aliweka nailoni au lami juu ya msingi. Hakuweka. Wakati ule nani aliweka? Basi akanieleza jambo ambalo nimelielewa hivi.

Ukuta usio na kizuizi juu ya msingi hunyonya maji ya ardhini kama utambi unavyonyonya mafuta ya taa. Ukuta wa mama ulikuwa ukinywa maji tangu 1977, kiangazi na masika. Hilo si tatizo, mradi maji yana pa kutokea. Udongo unapitisha, chokaa nayo inapitisha, kwa hiyo yale yaliyopanda yalitoka polepole pande zote mbili kama jasho, hewa ikayachukua, na chumvi ya ardhini ikabaki kwenye ngozi ya chokaa. Ngozi hiyo ndiyo iliyokuwa ikichujuka na kushika nguo za watu. Mwezi wa sita mama anaweka ngozi nyingine. Chokaa yenyewe, ikishapakwa, inavuta hewa ukaa na kurudi kuwa jiwe lile lile ililotokana nalo kabla ya kuchomwa, ndiyo maana inaonekana nyeupe kesho yake na si leo. Mimi nilikuja nikafunga ndani kwa mafuta, nikafunga nje kwa saruji. Maji hayakuacha kupanda. Yalipanda zaidi, yakitafuta mlango, na njiani yakalainisha tope lililokuwa limeshika tofali. Umewahi kufunika muhogo mbichi kwa nailoni ukausahau juani? Ndivyo.

Na ile nafasi ya kiganja kati ya sanduku na ukuta haikuwa ya kukwepa chokaa peke yake. Ilikuwa ya hewa. Nilipomuuliza mama baadaye, alisema alimkuta mama mkwe wake anafanya hivyo, naye akafanya.

Kinachonichekesha, kama kicheko ndilo neno lake, ni kwamba mimi naishi Umatengo. Mke wangu ni Mmatengo. Wakwe zangu wanalima ngoro, yale mashimo ya mraba yanayofunika vilima vya Mbinga kama sega la nyuki, majani yamezikwa kwenye kingo, kila tone la mvua limepangiwa pa kukaa ili lisibebe udongo kwenda bondeni. Baba mkwe wangu hafungi gunia la kahawa mpaka ameing'ata punje, kwa sababu kahawa yenye unyevu ikifungwa inaota ukungu na mnunuzi anairudisha. Nimekaa miaka yote hiyo kati ya watu ambao kabla ya kufanya jambo lolote wanauliza maji yataelekea wapi, nikawauzia saruji, na sikujifunza swali lao.

Mwalimu mmoja mteja wangu aliniambia nisijione wa peke yangu. Magofu ya Kilwa Kisiwani, alisema, yaliingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 1981, yakawekwa kwenye orodha ya yaliyo hatarini mwaka 2004, na yakatolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyatengeneza, na udongo uliotumika kuyashika ulikuwa wa chokaa, kama ule wa waliojenga. Nilimshukuru. Lakini Kilwa hapakuwa na galoni 11 za krimu.

Hasara ni hii. Rangi, skimu, saruji, usafiri na ufundi wa mara ya kwanza: milioni moja na laki tisa. Kubomoa plasta ya saruji nje, kukwangua vyumba vyote ndani hadi kimo cha bega, kuchimba mfereji kuzunguka nyumba ili maji ya bati yaende zake, na kurudishia viungo na plasta kwa udongo, mchanga na chokaa: milioni mbili na laki tatu. Kona moja ya chumba cha mama ilikaa vibaya, tofali zikatolewa na kupangwa upya. Ukuta uliachwa uchi kuanzia Mei hadi Septemba ukauke, na miezi yote hiyo mama alilala kwa dada. Kwenye sanduku la bati, lililogusa ukuta kwa amri yangu, kulikuwa na doti sita za kanga, cheti cha ubatizo cha baba, na picha. Kanga nne zilifulika. Cheti kilishikana na bahasha yake. Picha ya harusi yao ilibaki upande wa mama; upande wa baba umekuwa doa la kahawia.

Fundi nilimwomba radhi. Nilifunga duka saa kumi, nikamfuata alipokuwa anapaka zahanati moja, nikamwambia mbele ya wale vijana wawili waliosikia matusi, kwamba aliuliza swali sahihi na nilimjibu upuuzi. Akasema yameisha. Kazi ya kurudishia alikuja kuifanya yeye, kwa bei kamili. Sikuthubutu kuomba punguzo. Mzee wa misheni alikaa kwenye kiti barazani, akawa anamfundisha: lowesha kwanza, usipake jua likiwa kali, paka nyembamba, mikono mitano badala ya miwili, ukiona unaiona basi umeizidisha. Mama akaamuru bluu ipungue. Alisema ya 2011 ilizidi.

Sehemu ngumu zaidi ni dukani. Nikipitia kumbukumbu zangu, nawakumbuka wateja wanne, pengine watano, ambao niliwauzia rangi ya mafuta nikijua wanapaka nyumba za wazazi wao, za zamani, za tofali na tope, Litembo huko na mwambao wa ziwa. Sikuwauliza ukuta ni wa nini. Wawili nimewafikia. Mmoja alikuwa bado hajapaka, akanirudishia galoni na kunitazama kwa shaka, mfanyabiashara gani huyu anayefuata hela akazirudishe. Wa pili alikuwa ameshapaka. Nilibonyeza ukuta wake kwa kidole gumba, na sikusema kitu mpaka nilipomaliza chai aliyonikaribisha.

Waliobaki sina simu zao. Kama wewe ni mmoja wao, au kama ulinunua rangi ya mafuta duka lolote lile ukapaka nyumba ya namna hiyo, masika haya pitisha kiganja ukutani, chini, karibu na sakafu, nyuma ya kabati. Pakiwa na baridi na panabonyea, usimpigie fundi kumfokea. Njoo dukani kwangu Mbinga. Mifuko ya chokaa nimeitoa stoo, iko mlangoni mkono wa kushoto, nitakupa miwili bure na namba ya yule fundi. Rangi iliyofunguliwa siirudishi.